Kabla ya Kwenda Lipingo, Tazama Mwezi

Kila likizo inapokaribia huibuka watu wenye orodha. Wana siku tatu, gari la kuazima, na orodha yenyewe: kahawa ya Mbinga, ulanzi, dagaa wa Ziwa Nyasa waliotoka majini asubuhi hiyo, mbasa wa kuchoma, maembe, machweo, kuzunguka kisiwa, halafu Jumapili mchana wawe wamesharudi Songea. Wameona picha za watu wanaozunguka kisiwa cha Sicily kwa gari wakionja mvinyo kila kijiji, wakasema na sisi tunaweza. Tunaweza. Lakini kwa orodha hiyo watarudi na vumbi na hasira tu. Mwongozo huu ni wao.

Kwanza ondoa kisiwa. Upande wetu wa ziwa visiwa ni vidogo, vya mawe, na huzungukwa kwa mtumbwi. Likoma, ambacho ni kikubwa, ni cha Malawi ingawa kimekaa jirani na pwani ya Msumbiji, na hakifikiwi kwa gari. Anayetaka kuzunguka azunguke hivi: atoke Songea, apite Kitai hadi Mbinga, ashuke kilomita 66 za lami hadi Mbamba Bay, kisha afuate mwambao kwenda kaskazini, Lipingo, Liuli, hadi Lituhi. Kutoka Lituhi kuna barabara inayorudi Kitai, na ukifika Kitai umefunga mzunguko. Njiani utapishana na malori ya makaa ya mawe ya Ngaka; yape nafasi, hayana breki za kubembelezwa. Mwenye siku za ziada anaweza kuvuka daraja la mto Ruhuhu akaingia Ludewa, ila asijaribu kuoga mtoni hapo. Ruhuhu ina mamba.

Sasa orodha. Tatizo lake ni moja tu, nalo ni kubwa: vitu vilivyomo havikutani. Mtu amepanga chakula cha Januari, kinywaji cha Machi, na hali ya hewa ya Oktoba, vyote vije mezani wikiendi moja kwa sababu bosi wake kampa ruhusa.

Ulanzi, pombe ya mwanzi, ni wa mvua. Mwanzi mchanga ukichipua hukatwa ncha, ukafungiwa mbeta, chombo cha kukingia, na kila asubuhi na jioni mgemaji hurudi kuukata tena kidogo ili maji yaendelee kudondoka. Mvua zikiisha na machipukizi yakikomaa, hakuna kugema. Ukija Julai ukaambiwa huu ni ulanzi wa leo, muulize anayekuuzia ameutoa mwanzi gani. Kahawa nayo huiva wakati wa ubaridi: kuanzia Mei ndipo utaona matunda mekundu kwenye miteremko ya Umatengo, milima ya Mbinga, watu wamevaa masweta, na magunia yanaelekea kwenye mitambo ya kumenya. Maembe ya ziwani yanangoja joto la mwisho wa mwaka. Chagua kimoja ukifuate. Anayetaka vyote aje mara tatu, na nauli ya mara tatu bado ni ndogo kuliko ya Sicily.

Wakati wa kahawa, usikimbize gari Umatengo. Simama utazame ngoro. Hilo shamba la mlimani lenye vishimo vya mraba, safu kwa safu kama sega la nyuki, halikuletwa na mradi wowote. Wamatengo walibanwa milimani karne ya 19 wakati wa vita vya Wangoni, wakalazimika kulima mahali ambapo mvua moja tu ingeweza kushusha udongo wote bondeni. Wakakata majani, wakayalaza kwa mistari inayokatana, wakayafukia kwa udongo uliochimbwa katikati. Maji yanaingia shimoni na kutulia, majani yanaoza yakawa mbolea, maharage na mahindi yanapokezana juu ya matuta. Kwa desturi mwanamume hukata na kulaza majani, mwanamke huchimba, hufukia na kupanda. Wageni wanapiga picha ya mwonekano na kuondoka. Nawaomba muulize shamba lile lilichukua siku ngapi, na mgongo wa nani.

Ukishuka ziwani, saa na kalenda ya ukutani hazina kazi tena. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi taa za betri na za sola zimeingia. Taa inamvuta dagaa kukiwa na giza. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote lina mwanga, dagaa wanatawanyika, na wavuvi wengi wanabaki nyumbani kutengeneza nyavu. Kila mwezi wapo wageni wanaofika Lipingo usiku wa mbalamwezi, wakafurahia uzuri wa maji, asubuhi wakakuta mwaloni hakuna kitu, wakasema huku watu ni wavivu. Mvivu ni yule ambaye hakuinua macho kabla ya kupanga safari.

Halafu kuna mwera, upepo wa kusini-mashariki unaotawala miezi ya ubaridi. Ziwa hili lina urefu wa zaidi ya kilomita 500 na kina cha takriban mita 700. Mwera ukishayasukuma maji hayo, mawimbi yanayofika ufukweni si ya kuchezea. Mvuvi akikwambia leo hatutoki, usimwongezee pesa. Anajua anachokataa.

Basi umefika siku za giza, kumetulia, na mitumbwi imerudi alfajiri. Shikamoo kwanza, simu baadaye. Dagaa hupimwa kwa sado au ndoo, samaki wakubwa kwa fungu au mmoja mmoja. Usimwambie mama aliyekesha akisubiri mtumbwi kwamba Songea mjini ni bei ileile. Huko wamefika baada ya kukaushwa na kusafirishwa, hapa walikuwa hai saa tatu zilizopita. Ukimpata mbasa, mnunue bila kuzungusha maneno. Huyu ni samaki wa kupanda mito kwenda kutaga, na mito ikivuliwa ovyo wakati huo tunamkosa sote. Ndiyo maana anayekuuzia mbasa mdogo umwache naye.

Chakula cha kuagiza ni ugali wa muhogo. Mgeni wa mjini huutazama, akauliza kama kuna chipsi. Mwambao huu umelelewa na muhogo, na ule mvutano wake mkononi ndio unaoshika mchuzi wa dagaa wabichi waliopikwa kwa nyanya na pilipili. Wali utaukuta kwenu.

Kuhusu kunywa, sheria ni fupi. Mtogwa ni ulanzi mtamu, mchanga. Mkangafu ni uliolala, na hauna huruma. Dereva hagusi wowote. Barabara ya kushuka kutoka Umatengo ina kona za kutosha kumfundisha adabu hata mtu aliyekunywa maji. Nunueni dumu, likae nyuma ya gari, mnywe mkishafika mnapolala. Wenye kupenda mvinyo wa zabibu wabebe chupa ya Dodoma kutoka mjini, nayo inakwenda vizuri na samaki wa kuchoma.

Liuli msipite bila kusimama. Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya jiwe lake kubwa linalofanana na sanamu ya Misri. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, ilifika hapo na kuishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Manahodha wao, Rhoades na Berndt, walikuwa marafiki wa kunywa pamoja. Inasimuliwa kwamba Berndt, ambaye habari za Vita vya Kwanza vya Dunia zilikuwa hazijamfikia, alipiga makasia kwa hasira kwenda kumuuliza mwenzake kama amelewa. Alitekwa. Hayo yalikuwa miongoni mwa mapigano ya mapema ya majini ya vita ile, na yalitokea kwetu, juu ya maji ambamo wenyeji walikuwa wakivua samaki.

Kwa hiyo fanya hivi leo usiku, kabla hujaazima gari. Toka nje, tazama mwezi. Ukiwa mpevu, hesabu wiki mbili mbele, uombe likizo kwa tarehe hizo. Usiku wa kwanza Lipingo kaa mchangani uangalie taa zilivyotapakaa ziwani. Chini ya kila taa kuna watu wanaotafuta kitoweo chako cha kesho. Asubuhi uwe pale kuwapokea, na uwe na pesa taslimu.