Mjomba Kanunua Mita

Tangu mjomba anunue mita ya kupimia umeme, nyumbani kwake hakuna kitu kinachopumzika. Rimoti imepimwa, tochi imepimwa, betri ya gari la mpangaji imepimwa (volti 12.6, imejaa, mpangaji akashukuru kwa habari ambayo hakuiomba). Saa ya ukutani, iliyokuwa ikienda vizuri tu, ilitolewa betri, ikaambiwa ina 1.3 badala ya 1.5, ikarudishwa ukutani na sifa mbaya.

Wa kulaumiwa ni Donald Macadie, mhandisi wa posta ya Uingereza, aliyechoka kubeba vipimo vitatu, cha volti, cha ampia na cha omu, akavitia vyote kwenye kasha moja. Hiyo ilikuwa 1923. Angevumilia kidogo, mjomba angestaafu akacheza bao kama wenzake.

Mita yenyewe ilikuwa ile ya njano iliyojaa Kariakoo, bei yake haifiki ya kuku wa kienyeji. Kwa betri na redio mbovu si kitu kibaya, hata naitetea. Shida ni ukuta. Muuzaji alimhakikishia kwamba inapima "mpaka volti elfu, mzee, hata nguzo ya barabarani," na mjomba akaamini kwa sababu aliitwa mzee.

Sura ya mita huandikwa CAT na namba ya Kirumi. CAT II ni ya vifaa vilivyochomekwa kwenye soketi, CAT III ni ya boksi la breka na nyaya za ukutani, CAT IV ni ya waya unaoingia kutoka nguzoni. Namba hizo si za fahari. Radi ikipiga mbali au mota kubwa ikizimwa, volti 230 za nyumbani zinaweza kuruka zikawa maelfu kwa kufumba na kufumbua, na ukizidi kusogelea nguzo, nguvu iliyo nyuma ya mruko huo inazidi. Mita iliyotengenezwa kwa ajili hiyo ina nafasi ya kutosha ndani yake, na fyuzi za kauri zilizojazwa mchanga wa kuzima cheche. Ya mjomba ilikuwa na fyuzi moja ya kioo, na kando ya tundu la ampia 10 watengenezaji wenyewe walikiri kwamba halina fyuzi kabisa. Walikiri kwa herufi za kusomwa na sisimizi.

Mjomba alipozichoka volti, akatamani ampia. "Nataka nijue soketi hii ina ampia ngapi," akasema, akahamisha waya mwekundu kwenye tundu la 10.

Soketi haina ampia, kama bomba lililofungwa lisivyo na maji yanayokwenda. Ampia huja pasi au friji inapovuta. Mita ikipima volti husimama pembeni na kuchungulia. Ikiwa kwenye tundu la ampia, ni kipande cha waya mnene tu. Kwa hiyo mjomba, akiwa na miwani yake na nia njema, aliunganisha waya wa moto na nyutro kwa mikono yake mwenyewe. Palitokea mlio, mwanga wa buluu, harufu ya plastiki, kisha giza. Breka iliwahi. Ncha nyekundu ilitoka imepungua urefu. Mkaza mjomba, aliyekuwa sebuleni, hakuuliza kumetokea nini. Aliuliza tamthilia itarudiwa saa ngapi.

Akaitwa fundi wa mtaani, kijana mpole.

"Shikamoo mzee. Ulikuwa unapima ampia za soketi?"

"Marahaba. Unataka kunifundisha umeme, mimi niliyekaa bandarini miaka yote ile?"

"Samahani mzee. Ulikuwa fundi umeme bandarini?"

"Karani."

Kijana hakucheka, na kwa hilo nilimheshimu. Alimwelekeza taratibu: waya mweusi haubanduki kwenye tundu la COM, mwekundu urudi kwenye tundu la V kila ukimaliza ampia, na macho yaangalie matundu kabla mkono haujagusa swichi ya kuzungusha. Ukutani ni V yenye kiwimbi. V yenye mstari ulionyooka ni ya betri. Ukiweka ya betri kwenye soketi yenye moto, mita inaweza kukusomea karibu na sifuri, nawe ukaingiza vidole kwa amani. Kabla ya kushika waya unaodhani umekufa, pima kwanza mahali penye umeme unaoujua, pima waya wako, kisha rudi pale penye umeme uhakikishe mita nayo haijafa katikati ya safari. Na omu hazipimwi kitu kikiwa kwenye umeme, hata kwa haraka.

Mjomba akanunua mita ya pili, CAT III volti 600, fyuzi za kauri. Nilidhani tumepumzika. Siku hiyohiyo akakuta volti 60 kwenye waya usiounganishwa popote, akatangaza kwamba jirani anatuibia umeme, tena akavaa kanzu kwenda kwa mjumbe. Kumbe mita nzuri huvuta umeme kidogo mno, hata waya uliolala tu kando ya wenye moto huonekana una volti. Fundi akaunga balbu kwenye waya ule; volti zote zikayeyuka, na jirani hajui mpaka leo alivyonusurika.

Watoto ndio walioteseka zaidi. Sambusa zilipopotea, mjomba aliweka mita kwenye omu na kuwashikisha ncha kwa vidole, mmoja mmoja, maana mwongo hutoka jasho na jasho hushusha omu. Kwenye omu mita hutoa volti chache tu za betri yake, hazimdhuru mtu. Aliyesoma chini kuliko wote ni yule aliyekuwa ametoka kucheza mpira.

Wakati kesi hiyo ikiendelea, mkaza mjomba alichukua ile mita ya njano, aliyoinunulia waya mpya, na pasi yake iliyokufa tangu Idi. Ilikuwa haijachomekwa popote. Fyuzi ya plagi ililia pii, ikapita. Pasi ya wati 1,000 inapaswa kusoma omu 53 hivi kati ya pini zake. Hii ikasoma kimya. Akafuata waya mpaka ulipojikunja shingoni, akaukata, akaunga upya, akapima tena, akaipiga pasi kanzu ya mumewe.

Majirani sasa wanamletea yeye pasi zao. Mjomba hushika tochi.