Sifa za Lori Lisilochaji

Vitu vyenye adabu vimekwisha kusifiwa vyote. Ng'ombe wa mahari ana sifa zake, ndizi ya Nyamira ina zake, na hata nzi alimpata Lucian, mwandishi wa kale aliyemwandikia sifa kwa nathari katika karne ya 2. Lakini hitilafu ya chaji katika lori kuukuu, hii inayomkaribisha dereva wa mji wa Keroka saa kumi alfajiri kwa "tik" moja kavu badala ya mngurumo, haijapata msemaji. Hutukanwa kwa Kiswahili, hutukanwa kwa Ekegusii, na hasira zikipanda hutukanwa kwa Kiingereza. Dhuluma hiyo imetosha. Nadai, tena kwa ushahidi, kwamba katika kaunti za Kisii na Nyamira hakuna shule ya kufikiri inayoipita. Chuo Kikuu cha Kisii kilipewa hati mwaka 2013 na ni chuo cha heshima, ila mwanafunzi wake akikariri vizuri anaweza kufaulu. Lori lisilochaji halijawahi kumpa mtu alama kwa kukariri.

Sifa yake ya kwanza ni subira. Breki zikikataa kwenye mteremko, funzo huja lote kwa mara moja na mwanafunzi huenda asiishi kulitumia. Chaji ikikataa, safari inaendelea. Dizeli nyingi za zamani, zile zenye pampu ya mafuta isiyojua kompyuta, huhitaji umeme wa kuziamsha tu. Zikishaamka, hewa iliyogandamizwa ndiyo inayochoma mafuta, na umeme unabaki wa taa, honi na wipa. Ndiyo maana lori ambalo altaneta yake, kifaa cha kuchaji betri, imekufa laweza kushinda likibeba majani ya chai kuelekea viwanda vya Sanganyi au Tombe bila kumwaibisha mwenyewe, mradi asilizime. Na akilizima, milima ipo. Mgeni akiliona lori limeegeshwa likitazama bonde, jiwe likiwa chini ya gurudumu, hudhani ni uzembe. Kumbe ni hesabu: betri imeshindwa kuweka akiba, basi akiba imewekwa kilimani, ndani ya uzito wa lori lenyewe. Kwenye nchi tambarare dereva huyu angehitaji vijana wanane wa kusukuma kila asubuhi, na angemkimbilia fundi siku ya pili. Huku amepewa muhula mzima wa kutafakari.

Na jambo la kwanza la kutafakari ni hili: usimhukumu aliyeanguka kwa sababu tu ameanguka. Malori mengi ya Isuzu na Mitsubishi ya umri huo hutumia volti 24, yaani betri 2 za volti 12 zilizoungwa moja nyuma ya nyingine. "Tik" ikisikika, betri ndizo zinazoonekana kufa, kwa hiyo betri ndizo zinazonyongwa. Mwenye haraka hununua mpya mbili, lori linawaka, anashangilia. Siku chache baadaye, "tik". Amelipa karo na hakuingia darasani. Aliyeingia darasani huanza na mita. Betri zikiwa zimepumzika na zimejaa, jozi husoma volti 25.2 au zaidi kidogo. Injini ikinguruma, kipimo hupanda hadi kati ya 27.6 na 28.8 hivi. Kisipopanda, au kikishuka kila taa inapowashwa, betri hazijakosa lolote, zina njaa. Ndoo kuwa tupu asubuhi hakuthibitishi kwamba imetoboka. Pengine jana hakuna aliyekwenda kisimani.

Basi lawama inahamia kwa altaneta, na hapo mwalimu wetu anagonga meza tena: hata mshukiwa wa pili ana haki ya kusikilizwa. Kabla ya spana kuguswa, utazamwe mkanda. Ukilegea, au uso wake ukianza kung'aa kwa uchakavu, huteleza na kupiga yowe, hasa ukilowa, na mvua ya milima hii haina uchoyo. Mkanda ukiwa mzima, pima kwenye altaneta yenyewe, kisha pima kwenye betri, taa kubwa zikiwa zimewashwa. Tuseme altaneta inatoa 28 na betri zinapokea 26: volti 2 zimepotelea njiani. Mkenya aliyeishi chini ya ugatuzi tangu 2013 hahitaji kuchorewa picha. Amekwisha kusikia habari za fedha zilizotoka Nairobi zikiwa kamili zikafika kijijini zimekonda. Mwizi hayuko mwanzoni wala mwishoni, yuko kwenye kiungo chenye kutu, au kwenye waya unaounganisha betri na chasisi. Ila umeme una uaminifu ambao vitabu vya hesabu havina: kila volti inayoliwa kwenye kiungo kibovu hugeuka joto, na mkono ukisogezwa pale humtambua mlaji. Laiti wahasibu nao wangepata joto. Na ikiwa betri inayokufa ni moja tu, ile ile kila mara, iulizwe redio. Redio ya volti 12 ikiungwa kwenye betri moja ya jozi, betri hiyo inalisha muziki peke yake, na altaneta, ambayo huwaona ndugu wawili kama mtu mmoja, haijui kwamba mmoja anakonda na mwenzake anavimbiwa hadi maji yake yanachemka. Kikulacho ki nguoni mwako, na wakati mwingine kinaimba.

Taji la masomo yote ni taa ndogo nyekundu ya chaji. Upande mmoja taa hii imeshikana na betri, upande mwingine na altaneta. Nguvu za pande mbili zikilingana, umeme hauna sababu ya kupita na taa inazimika. Ikimulika kwa unyonge, ikaonekana usiku na kupotea mchana, huenda dayodi imekufa ndani ya altaneta. Lakini taa hii si shahidi tu. Katika altaneta nyingi za zamani, umeme mdogo unaopita kwenye taa hii ndio unaoamsha sumaku ya altaneta kila asubuhi. Balbu ikiungua, altaneta nzima kabisa inaweza kulala usingizi safari yote. Tazama basi hali ya dereva anayejisifu kwamba taa yake "haiwaki kabisa": amempoteza mlalamishi, na kumbe mlalamishi ndiye aliyekuwa akiwasha jiko. Kuna kamati za soko na bodi za shule zilizomfukuza msema kweli wao, zikafurahia utulivu, kisha zikashangaa mbona hakuna kinachopikwa.

Wapinzani sitawakimbia. Fundi wa haraka atasema maneno haya ni mengi: chomoa waya wa betri injini ikinguruma, ikizima altaneta ni mbovu, isipozima ni nzima. Kipimo hicho ni urithi wa magari ya petroli na dainamo, enzi iliyoanza kuaga Chrysler ilipotia altaneta katika magari yake mwaka 1960. Dizeli ya pampu ya zamani haizimi hata altaneta ikitupwa mtoni, kwa hiyo jibu lake si jibu. Na kuchomoa huko kwaweza kurusha mshtuko wa umeme unaoziua dayodi zilizokuwa hai. Ni kesi ambayo hakimu anamuua shahidi ili kesi iishe. Mwenye gari jipya atasema kompyuta yake humwambia kila kitu. Humwambia kwamba volti ni chache, habari ambayo "tik" ilikwisha kuitangaza bure. Kwa nini ni chache, bado atashika mita kama sisi. Mkulima naye atauliza ni nani atakayemlipa majani yake yakipata joto na kuharibika ndani ya magunia huku wanafunzi wangu wakijadiliana. Namjibu kwamba majani hayo yameozeshwa na yule aliyenunua betri mara tatu bila kupima. Dakika kumi za mita hazijawahi kuozesha jani.

Pingamizi moja linanipigisha magoti. Usiku, kwenye kona za barabara ya Keroka, lori ambalo taa zake zinafifia si mwalimu; ni jeneza linalotafuta wa kumzika, na anayetembea kwa miguu pembeni ndiye wa kwanza. Hapo sisifu kitu. Nasema tu kwamba shule hii hufundisha mchana, na kengele yake nyekundu hulia mapema. Anayeisikia kisha akaingia gizani na mzigo si mwanafunzi wake, ni mtoro. Sifa zangu zinakoma jua linapotua.

Wanaosema mwalimu wa kweli hufanya kazi ili asihitajike tena, huyu wanamwelezea. Mara nyingi tiba ikipatikana huwa kipande cha msasa, maji ya moto juu ya kiungo kilichoota unga mweupe, na nati moja kukazwa. Ni gharama ndogo kiasi kwamba mwenye lori huona aibu kuitaja mbele ya wenzake, akawaambia amebadilisha altaneta. Aliyehitimu utamjua kwa jambo dogo. Alfajiri akizungusha ufunguo, hapigi mshindo wa gia kwanza wala haombi injini ingurume haraka. Hutulia akatazama dashibodi: taa nyekundu iwake kwanza. Ikishawaka ndipo anaiamsha injini, na taa ikizimika ndipo anashuka kuondoa jiwe.