Tembo Yuko Wapi, Ticha?

Kama kuna jambo ambalo shule za msingi za Thailand hulifanya bila kuchoka, ni kusogeza sikukuu. Siku ya Mama kule ni tarehe 12 Agosti. Lakini tarehe 12 Agosti ni mapumziko ya kitaifa, watoto wako nyumbani, na sikukuu isiyo na watoto, jukwaa, bango na mpiga picha haihesabiki. Basi shule huifanya siku ya masomo iliyotangulia. Siku ya Baba, tarehe 5 Desemba, nayo huvutwa nyuma. Mwaka Mpya hushangiliwa kabla ule wa zamani haujafungasha. Na mwaka wenyewe ni wa Kibudha: nilipoanza kufundisha Kiingereza Ayutthaya, kwetu Tanga ilikuwa 2024, kwenye daftari la mahudhurio ilikuwa 2567. Watu waliokwisha kuusogeza mwaka kwa miaka 543 hawawezi kushindwa na siku tatu.

Fundi wa kazi hiyo shuleni kwetu alikuwa naibu mkuu wa shule, mama mmoja ambaye sikuwahi kumwona bila kipaza sauti. Nilimwita dada mkubwa, maana ndivyo Wathai wanavyowaita waliowazidi umri kazini. Aliamini kwamba sherehe yoyote duniani inaweza kufanyika kati ya saa mbili asubuhi, bendera ikishapanda, na saa nne, chakula cha watoto kikianza kunukia. Mimi, mgeni pekee kazini, nilihesabiwa pamoja na spika na maua ya plastiki.

Sikukuu ya kwanza kunikuta ilikuwa ya kuwaheshimu walimu, ambayo huangukia Alhamisi, mwezi Juni. Watoto hutambaa kwa magoti hadi mbele ya walimu, wakiwa wameshika sinia za maua, na kila mmea una kazi yake. Maua mekundu yenye ncha za sindano ni akili kali. Nyasi, zinazoota hata zikikanyagwa, ni bidii. Ua la bilinganya, kwa kuwa huinama, ni unyenyekevu. Kisha watoto huinama mpaka paji la uso liguse sakafu. Mimi nimesoma shule ambayo mwalimu alijulikana kwa fimbo kabla ya jina. Walipoanza kuinama nilitazama dari na kumweleza Mola kimoyomoyo kwamba hili mimi sikuliomba. Nilipotazama chini, wote walikuwa wameshainuka isipokuwa mmoja wa darasa la kwanza, aliyepitiwa na usingizi pale pale. Alibebwa na sinia lake.

Siku ya Mama ilikuja Ijumaa, kwa sababu ya ule uhamisho. Akina mama hukaa kwenye viti ukumbini, watoto hupiga magoti miguuni pao na kuwapa mashada ya asmini, wimbo wa huzuni huwekwa, na kila mtu hulia, hata mwenye spika. Asubuhi ile mtoto wangu mmoja wa darasa la pili hakuwa na mtu. Mama yake alikuwa zamu kiwandani. Ayutthaya ina viwanda vingi, na mashine hazijui tarehe 12 wala Ijumaa. Dada mkubwa akaangaza macho ukumbini. Yakatua kwangu.

Nikakalishwa kati ya akina mama. Ukumbini huingii na viatu, na soksi yangu ya kulia ilikuwa na dirisha. Mtoto alikuja kwa magoti, machozi tayari, akainama kuigusa miguu yangu kwa heshima zote, akakutana ana kwa ana na kidole gumba. Kilio kikakwama, akaanza kwikwi ya kicheko. Jirani yake akachungulia, naye akamwonyesha jirani yake. Kicheko kikasafiri mstari mzima huku wimbo wa huzuni ukiendelea, na akina mama wakadhani wanao wamezidiwa na uchungu, wakazidi kulia. Nilibaki pale na shada mkononi. Kwetu asmini ni ya kikuba, ni ya bibi harusi. Nilinukia fungate, kidole kikiwa nje.

Loy Krathong niliingojea kwa kiburi kidogo. Ni usiku wa mwezi mpevu, mara nyingi Novemba, ambapo watu hukata kipande cha shina la mgomba, hukizungushia majani yake yaliyokunjwa, huchomeka maua, mshumaa na vijiti vya udi, kisha hukiachia kielee majini kumshukuru mama wa mito na kumwomba radhi kwa uchafu waliomtia mwaka mzima. Wengine hutia na kucha au nywele ili nuksi iondoke nazo. Sasa, mtu wa Tanga hafundishwi mgomba. Darasa langu lilitengeneza vyombo vilivyosimama wima, na walimu wa madarasa mengine walikuja kushika kiuno na kutazama.

Mji wa kale wa Ayutthaya umezungukwa na mito mitatu: Chao Phraya, Pa Sak na Lopburi. Sisi tulitumia bwawa la plastiki la kupuliza.

Dada mkubwa alikuwa na hoja zake. Mto ni hatari, watoto ni wengi, na usiku hakuna mwanga wa kupigia picha. Bwawa lenye picha za bata lilitandazwa kwenye baraza ya ukumbi, likajazwa maji, na watoto wakapangwa wakiwa wamevaa hariri na vipuli vya dhahabu bandia. Kila mmoja alipiga magoti, akaweka viganja pamoja, akanong'ona dua yake, akaachia chombo. Nusu saa ilipita salama. Vyombo vikajaa, vikaanza kugombania nafasi, na mtoto mmoja wa chekechea akaona chake kimesukumwa pembeni ambako mama yake hakukiona. Akakivuta ukingoni. Kijiti cha udi, bado kinawaka, kikaegemea bata.

Bwawa halikupasuka. Lilishusha pumzi, taratibu, mithili ya mzee anayekaa kitini. Kisha maji yakatafuta mteremko, na mteremko ulielekea mlangoni, ambako viatu vya shule nzima vilikuwa vimepangwa kwa safu, vyote vya sare, vyote sawasawa. Vya ngozi vilibaki na adabu yao. Vya kitambaa na vya plastiki viliondoka na maji. Vikashuka ngazi pamoja na maua na mishumaa, vikaingia mfereji wa mvua na kushika njia ya kantini, na watoto wa chekechea, waliofundishwa wiki nzima kwamba kinachoelea huagwa kwa viganja pamoja, wakaviaga viatu vyao.

Dada mkubwa hakuzima kipaza sauti. Alitangaza kwamba mwaka huu nuksi imeondoka kwa miguu yake yenyewe, akaomba makofi, akapata. Hadi leo sijui mwanasiasa yeyote ambaye angelimudu lile. Asubuhi iliyobaki tuliitumia kulinganisha viatu, na kimoja changu kilipatikana chini ya meza ya mpishi, kikiwa na ua.

Krismasi si siku ya mapumziko Thailand, kwa hiyo yenyewe ilifanyika tarehe yake hasa. Jinsi nilivyokuwa Santa ni rahisi kueleza: nilikuwa mgeni, na Krismasi ni ya wageni. Nilimweleza dada mkubwa kwamba mimi ni Mwislamu. Alisema hakuna shida kabisa, yeye mwenyewe ni Mbudha.

Ndevu zilikuwa za pamba ya duka la dawa, zimebandikwa kwa gundi ya darasani. Desemba ni mwezi wa baridi kule, maana yake watoto huja na makoti asubuhi na ikifika saa nne joto limefika digrii 30. Suti ilikuwa imeshonwa kwa mtu mnene, nikajaziwa mito miwili ya chekechea. Nilipotokea jukwaani kimya kilitanda. Kisha mmoja akauliza:

"Ticha, tembo yuko wapi?"

Ni swali la haki. Ayutthaya ina shule ambako karibu kila mwaka, Krismasi inapokaribia, tembo huvalishwa mavazi mekundu ya Santa na kugawia watoto zawadi kwa mkonga. Watoto wangu walikuwa wameziona picha. Nikasema sina tembo. "Lakini unatoka Afrika," wakasema, kwa sauti ya watu wanaokumbusha deni. Nikagawa pipi kwa mkono, mkono ukaonekana mfupi.

Halafu ikaja chemsha bongo. Kitabu cha kiada kilikuwa na picha ya theluji, meko na bata mzinga, vitu ambavyo mimi na watoto tulivijua kwa kusikia tu. Kwa hiyo darasani nilikuwa nimewafundisha Krismasi ninayoijua: nguo mpya, redio kwa jirani, na sahani ya pilau iliyofunikwa inayokuja kwetu kutoka nyumba ya Wakristo, ambayo siku ya Idi hurudi kwao na pilau nyingine. Dada mkubwa akauliza kwenye kipaza sauti watu hula nini siku ya Krismasi. Madarasa yangu yote matatu yakajibu kwa sauti moja: "Pilau!" Akatazama karatasi yake. Akaigeuza. Akanitazama mimi, nami nikajificha nyuma ya ndevu, ambazo wakati huo zilikuwa zimeshuka hadi tumboni.

Tarehe 14 Februari iliangukia Ijumaa. Siku hiyo watoto hubandika vibandiko vya moyo kwenye mashati ya walimu, na mwalimu hupimwa kwa wingi wake. Saa sita nilivibandua vya mbele, nikapanda pikipiki kwenda msikitini. Uislamu una mizizi ya zamani Ayutthaya; Sheikh Ahmad, mfanyabiashara wa Kiajemi kutoka Qom, alifika katika karne ya 17 na kaburi lake lipo hapo. Siku hizi Waislamu wa mji huo wanasifika zaidi kwa roti nyembamba za kufungia nyuzi za sukari za rangi. Niliwahi safu ya pili. Tuliporukuu nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Tuliposujudu, safu ya watoto ikashindwa kabisa. Baada ya salamu mzee mmoja muuza roti akanigusa bega, akaubandua moyo mmoja mgongoni, wa waridi, wenye macho na mdomo, akanikabidhi. "Hongera, Ticha," akasema. "Na mingine bado iko."

Kabla sijarudi shuleni, picha ya mgongo wangu ilikuwa imefika kwenye kundi la walimu la simuni, kwenye programu ya Line. Dada mkubwa alikuwa getini na kalamu.

"Ticha, Idi ni lini?"

"Mwisho wa Machi, dada. Inategemea mwezi."

"Mwisho wa Machi tumefunga shule. Tutaifanya Alhamisi ya kwanza ya Machi, baada ya bendera. Roti kwa wote. Wewe utakula ya kwanza, kwa ajili ya picha."

Nikahesabu vidole. Chungu cha tano, pengine cha sita. Nikamweleza taratibu kwamba siku hiyo nitakuwa nimefunga, kwamba Idi huja mfungo ukiisha, na mfungo huisha mwezi ukiandama. Alisikiliza kwa adabu, akaandika yote. Kisha akasema bango limeshapelekwa kuchapwa.

"Na huyo mzee wa Idi anayegawa zawadi," akauliza, "ana ndevu? Zile za Desemba nimezitunza."