Tulieni, Wazee: Nasoma Tu

Washington, D.C.

Wazee wangu wa baraza la kahawa, Ngamiani, Tanga,

Tangu Mama atangaze arusini kuwa mwanawe anasomea usalama wa taifa Marekani, nikipiga simu Baba Mdogo huisifu serikali hata kabla sijamwamkia, mjumbe amerudisha toroli letu, na mwenye duka amefuta deni langu bila kuombwa. Huyo wa deni msimsahihishe.

Wengine, jamani, tulieni. Mimi ni mwanafunzi wa sheria. Asubuhi nafundishwa serikali inavyoruhusiwa kuwalinda watu. Mchana, kwenye somo la haki za binadamu, nafundishwa mahali inapopaswa kukomea.

Kuna mahakama moja hapa mjini, iliyoundwa kwa sheria ya 1978. Ina majaji 11, na kazi yake ni kutoa vibali vya kuwapeleleza wanaoshukiwa kutumikia mataifa ya nje. Mambo yake ni ya siri, na karibu kila mara anayesikilizwa ni serikali peke yake. Ni kama kadhi asikilize shauri la talaka kwa maneno ya mume tu, mke yuko jikoni anakuna nazi, hajui hata kama ana kesi. Nililisema hilo darasani. Nikaulizwa rejea yake iko wapi.

Tulipofika kesi ya Ahmed Ghailani wa Zanzibar, darasa zima lilinigeukia, utadhani tumelelewa nyumba moja. Mnaikumbuka tarehe 7 Agosti 1998, balozi za Marekani zilipolipuliwa, wakafa watu 11 Dar na 213 Nairobi. Ghailani, aliyeshtakiwa kwa milipuko hiyo, alikamatwa Pakistani 2004, akafichwa katika magereza ya siri ya CIA, akapelekwa Guantánamo 2006, na mwaka 2010 ndipo kesi yake ikasikilizwa katika mahakama ya kiraia New York. Serikali ilikuwa na shahidi mzito: Mtanzania aliyesema alimuuzia baruti. Jaji Lewis Kaplan akamkataa, kwa sababu jina la shahidi huyo lilipatikana kwa kumshurutisha mshtakiwa huko mafichoni. Wananchi 12 walioketi kuamua (wazee wa baraza wa huku, ila hawana kahawa) wakamtia hatiani kwa shtaka moja, wakamwachia mengine zaidi ya 280. Hilo moja lilimtosha kifungo cha maisha.

Mwenzangu aliyewahi kuwa askari akanung'unika kwamba haki za binadamu ndizo zilizoharibu kesi. Nikamwambia kesi iliharibiwa na waliomhoji gizani. Jaji aliikuta imeshaoza. Hapo hakuna aliyedai rejea.

Baba Mdogo anauliza kazi nitapata wapi. Moyo wangu uko Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Tatizo ni kwamba mwaka 2019 Tanzania, mwenyeji mwenyewe, iliondoa tamko lililowaruhusu wananchi kuishtaki huko moja kwa moja. Mtu wa Malawi, akishamaliza mahakama za kwao, atapanda basi aje kuishtaki serikali yake. Wa Arusha atapita nje akitazama bendera.

Hata hivyo chumba niulizieni, cha bei ya mwanafunzi, karibu na stendi.

Mwanenu