Swali Lile Lile, Mheshimiwa

Dublin, Septemba 2009

Kwa Mheshimiwa Brian Cowen,
Waziri Mkuu wa Ireland

Mheshimiwa,

Nashukuru kwa kuturudishia Mkataba wa Lisbon wa Umoja wa Ulaya tuupigie kura tena tarehe 2 Oktoba. Juni mwaka jana asilimia 53.4 ya waliopiga kura walisema Hapana. Kumbe yalikuwa mazoezi! Nilipaswa kujua mapema, maana Mkataba wa Nice tuliukataa mwaka 2001, tukaulizwa tena 2002 tukapatia. Wafaransa na Waholanzi, walioikataa Katiba ya Ulaya, mtangulizi wa mkataba huu, mwaka 2005, safari hii hawasumbuliwi kwa swali lolote.

Nikaona nisiende kituoni nikiwa mjinga. Nikaufungua mkataba wenyewe. Unaniagiza nifute maneno hapa, niingize aya pale, ndani ya mikataba mingine ambayo sinayo mezani. "Jumuiya" iwe "Umoja", na kadhalika, hadi usingizi ukanichukua. Nilifarijika kukumbuka kuwa wewe mwenyewe ulikiri hukuusoma wote, na Kamishna wetu kule Brussels, Charlie McCreevy, akasema hatarajii mwenye akili timamu ausome. Mimi niliyejaribu sijui mnaniweka kundi gani.

Basi nikasoma nguzo za taa. Bango moja la kambi ya Hapana linanitisha kwa kima cha chini cha mshahara cha yuro 1.84 kwa saa, wakati sheria yetu inasema 8.65. La upande wako, nguzo hiyo hiyo, linaniahidi ajira. Katika kurasa nilizosoma kabla ya kusinzia sikukuta mshahara wala ajira.

Haki yako nikupe: umetuletea dhamana kuhusu kodi, utoaji mimba na kutofungamana kwetu kijeshi, na kila nchi itabaki na Kamishna wake. Mkataba haukuguswa hata nukta, lakini ahadi ni ahadi. Na hapo ndipo ninapokwama, Mheshimiwa. Yote hayo tumeyapata kwa kusema Hapana. Wale waliokutii mwaka jana walituletea nini?

Kwa hiyo, kabla sijashika penseli, naomba unijibu mawili. Tukikataa tena, kuna nyongeza? Na tukikubali, mwakani mtatuuliza tena ili kuhakikisha, au Ndiyo huwa mnaisikia mara ya kwanza?

Wako mtiifu,
Mpigakura wa marudio