Pampu ya Baba Mdogo

Mgao wa maji ulipozidi kutuchosha pale Mbagala, Baba Mdogo alichimbisha kisima, akapandisha tangi la lita 1,000 mnarani, akanunua pampu. Ndani ya boksi mlikuwa na kijitabu, Kiingereza kitupu toka jalada hadi jalada.

Baba Mdogo si mtu wa kukurupuka. Alivaa miwani, akakaa barazani, akasoma mstari kwa mstari. Alipokuta “prime” alikumbuka waziri mkuu na namba tasa, akaona hayamhusu, akapita. Chini yake palikuwa na onyo la herufi nene: “Do not run dry.” “Run” aliijua tangu shule ya msingi, ni kukimbia. Sasa nani akimbie, tena akiwa mkavu? Mama Mdogo akasema labda pampu ikilowa isikaushwe mbiombio. Wakakubaliana hivyo, swichi ikawashwa.

Pampu ikanguruma, maji hayakuja. Tukasubiri tukidhani yako njiani. Mara mlio ukawa mwembamba, wa kukwaruza, na harufu ya mpira ulioungua ikatanda uani. Mama Mdogo akaiwahi swichi.

Fundi alipoifungua, sili ya kwenye shafti ilikuwa imepasuka na kuwa nyeusi tii. Akatueleza kwamba pampu ya namna ile haiwezi kuvuta hewa. Kwanza unajaza maji tumboni mwake na kwenye bomba la kuvutia; ndiyo “prime” ile iliyorukwa. Maji hayo hayo ndiyo yanayoipoza sili na kuilainisha. Onyo lilisema tu isizungushwe bila maji.

Sikubali mtu amcheke Baba Mdogo. Peter Gilliver, mhariri wa kamusi kubwa ya Oxford, alitumia takriban miezi tisa kwenye kitenzi “run” peke yake, akafikisha maana 645. Kanga ikichuja, pua ikitoka kamasi, mtu akigombea ubunge, mama akiendesha duka, basi likifanya safari zake, yote kwa Mwingereza ni “run”. Nasi tunayo “piga”: mgeni aliyefundishwa kwamba ni kuchapa, mwambie apige pasi, kisha apige deki.

Hasira zangu ziko kwa waliotengeneza na kuuza. Walipokea shilingi zetu, lakini onyo lenye uhai wa pampu yenyewe wakaliacha katika lugha isiyozungumzwa nyumbani kwa mnunuzi. Karatasi moja ya Kiswahili ingegharimu nini?

Sili mpya ilifungwa jioni ile. Kesho yake Baba Mdogo alikwenda dukani na ile iliyoungua, akaiweka mezani, akamsomea muuzaji maneno aliyoyaandika kwa mkono wake: “Jaza maji kwanza. Usiiwashe ikiwa tupu.” Muuzaji akaomba karatasi, akatoa nakala, akaanza kuzibandika kwenye maboksi yaliyobaki.