Sifa za Beringi Inayolia

Wafalme wamesifiwa, wachumba wamesifiwa, hata ng'ombe wana nyimbo zao. Mimi naisifu beringi ya tairi la mbele kushoto, iliyochakaa, inayolia ndani ya mchomoko wa zamani, gari dogo la abiria, hapa Nyakanazi.

Hapa ndipo kwake. Barabara ya kutoka Kahama inagawanyika: huku Kakonko, Kibondo mpaka Kigoma, huku Lusahunga, ambako utachagua Biharamulo au Ngara na mipaka ya Rusumo na Kabanga. Malori ya Kigali na Bujumbura yakishapita kwa kishindo, unausikia mchomoko wetu kabla hujauona: vuuuu.

Kwanza, ni mkweli. Geji ya mafuta inadanganya. Mpiga debe anadanganya, "bado mmoja tu." Beringi haijui uongo. Mwendo mdogo inaguna, ukikanyaga mafuta inapaza sauti. Kata kona ya kulia. Ikizidi kulia, ujue mgonjwa yuko kushoto, maana uzito umemhamia.

Pili, ina subira. Inakupa notisi wiki nyingi, pengine miezi, nawe unaijibu kwa kuongeza sauti ya redio. Redio isipotosha, lawama wanapewa matairi ya mtumba. Hakuna mwenye nyumba mwenye moyo huo.

Pia ina ukoo. Mwaka 1898 Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya kukokotwa na farasi huko Marekani, alipata hataza ya beringi ya rola za mshazari, inayobeba uzito wa juu na msukumo wa ubavuni kwa pamoja. Hakuwahi kuona abiria wawili wakikalia kiti kimoja cha mbele, lakini ni kama aliwawazia.

Fundi hupiga jeki, akashika tairi juu na chini, akalitikisa. Likicheza, kuna neno. Kisha hulizungusha huku mkono mwingine umeegemea springi, autafute ule mkwaruzo kama wa mchanga. Ikiwa ni rola za kizamani, kuihudumia kuna maana, hasa gari likishapita kwenye maji: fungua, osha kwa mafuta ya taa, kausha, kagua. Yenye vidonda au rangi ya bluu ya kuungua, tupa. Iliyo nzima isukumie grisi kwa kiganja mpaka itokee upande wa pili, weka oili sili mpya, na nati usiikaze kwa hasira. Lakini ile iliyofungwa kiwandani haihudumiwi, hubadilishwa. Wanaoibandua sili na kuishindilia grisi wanampaka maiti mafuta.

Na ukarimu wake! Inamlisha fundi, muuza spea na mwenye gari la kuvuta. Ikichoka kusihi, huliachia tairi litangulie, gari lifuate kwa tumbo.

Juzi dereva mmoja alisikiliza hukumu ya fundi, akatazama abiria waliokwisha kulipa.

"Fundi, si itanifikisha Kibondo?"

"Itafika, suka."

"Na kurudi?"

"Kurudi nitakuja mwenyewe na jeki. Nauli yangu uiache hapa hapa."

Dereva akawasha gari, akawasha na redio.